Bahari, Saratani na Sisi wa Mpakani: Niliyowaambia Vijana Tunduma

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Tunduma. Waliokosa nafasi ukumbini waliomba yaandikwe, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Soma, bishana nami, kisha msambazie mwenzako.

 

Najua mada imewashangaza. Kaka mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Mwenzetu, tumekuja kuzungumza siasa, wewe unatuletea viumbe vya baharini na kansa. Tunduma na bahari wapi na wapi?" Swali zuri. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Wapo humu ndani ambao hawajawahi kuiona bahari kwa macho. Sisi bahari tunaijua kwa kontena linalopita kwenda Lubumbashi na bei ya mafuta ikipanda.

Lakini nimeichagua mada hii makusudi. Mimi nilisoma kemia chuoni, na leo nina duka la dawa muhimu hapa mjini. Kwenye lile duka napokea watu wawili kila wiki. Wa kwanza ni mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, ameshika pakiti ya unga ameuziwa stendi, ameambiwa unatoka baharini na unamaliza kansa. Wa pili ni kijana kama wewe, ana simu, amesoma mahali kwamba wanasayansi wamegundua dawa ya kansa kwenye kiumbe cha baharini, anauliza, "Sasa mbona serikali haituletei?" Wote wawili wanastahili jibu la kweli, na jibu lao ni moja. Ndani ya jibu hilo kuna siasa nyingi kuliko mnavyodhani.

Ni kweli, dawa zimetoka baharini

Tuanze na kijana wa simu, kwa sababu hajadanganywa. Zipo dawa za saratani zilizotoka baharini, tena ya kwanza ina umri mkubwa kuliko wengi wenu humu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mmoja aliyeitwa Werner Bergmann alikuwa anachunguza sifongo waliovuliwa pwani ya Florida, Marekani. Sifongo ni yule mnyama wa baharini ambaye zamani watu walimkausha wakaogea naye, ndiyo asili ya neno spanji. Ni mnyama, si jani, ila amekaa palepale kwenye mwamba maisha yake yote. Bergmann akakuta ndani yake kemikali zinazofanana sana na matofali ambayo mwili hutumia kujengea DNA, lakini sukari iliyomo ndani ni ya aina nyingine. Wakemia wakaufuata mfano huo, wakatengeneza dawa inaitwa sitarabini. Seli ya kansa inapokimbilia kujinakili inaliokota lile tofali bandia ikidhani ni la kweli, inalipachika, ujenzi unakwama. Marekani waliiidhinisha mwaka 1969. Hadi leo ni moja ya dawa kuu za saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Ya pili inahusu saratani ya matiti. Mwaka 1986 Wajapani walitangaza kemikali kali sana kutoka kwa sifongo wa pwani yao, wakaiita halikondrini B. Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard wakafanikiwa kuijenga maabara bila sifongo. Kampuni ya Kijapani ya Eisai ikachukua nusu ya umbo lile, ile nusu inayofanya kazi, ikapata dawa ya eribulini. Marekani iliidhinishwa Novemba 2010, kwa wanawake ambao saratani ya matiti imeshasambaa na dawa nyingine zimeshindwa. Haiwaponyi, tusidanganyane. Inawaongezea muda wa kuishi, na mwenye watoto wadogo anajua thamani ya muda huo.

Kwa nini baharini? Fikiria maisha ya sifongo. Hana miguu, hana meno, hana gamba. Samaki anakuja kumla, jirani anataka kumkalia, bakteria wanataka kumwozesha. Silaha yake ni sumu, tena sumu kali, kwa sababu ikitoka inachanganyika na maji ya bahari nzima. Mara nyingi hata si yeye anayeitengeneza, ni vijidudu vinavyoishi ndani yake. Sumu ya kuzuia seli ya adui isigawanyike ndiyo hiyohiyo binadamu anaitafuta dhidi ya kansa, maana kansa ni seli zinazogawanyika bila breki.

Kutoka kwenye sumu hadi kwenye dawa

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo habari za kwenye simu zinapokatisha.

Wale Wajapani walihitaji kilo 600 za sifongo kupata miligramu 12.5 za halikondrini B. Kilo 600 ni magunia sita ya mahindi yaliyojaa. Miligramu 12.5 ni punje chache za chumvi. Sasa yule anayekuuzia kijiko cha unga wa baharini kwa shilingi elfu kumi, dawa iko wapi mle?

Halafu kuua seli za kansa kwenye kisahani cha maabara si kazi ngumu. Hata Jik inaziua. Chumvi nyingi inaziua. Kazi ngumu ni kuua seli ya kansa ukamwacha mwenye kansa akiwa hai. Ndiyo maana dawa inajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache kuona kipimo kisichodhuru, kisha kwa wengi kuona kama inasaidia, kisha inashindanishwa na dawa iliyopo. Nyingi zinaanguka njiani. Kuna kemikali inaitwa brayostatini 1, kutoka kwa viumbe vidogo vinavyoota kama ukoga kwenye mbao na mashua. Zilivunwa tani zaidi ya 10 za viumbe hivyo ili kupata gramu 18. Ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kansa kwa miaka mingi, kwenye majaribio mengi. Haikufua dafu.

Mnaona? Kati ya kiumbe na kidonge kuna mkemia, kuna daktari, kuna maabara, kuna fedha za umma zilizovumilia miaka 20 au 30 bila faida. Thamani ya dawa iko pale katikati. Kiumbe chenyewe ni mlango tu.

Bahari yetu na msitu wa jirani zetu

Mtasema hayo ni ya Florida na Japani. Haya, tuje Bahari ya Hindi.

Mwaka 1972 timu ya mkemia wa Kimarekani George Pettit ilikusanya kutoka Morisi kiumbe mmoja, konokono mnene wa baharini ambaye gamba lake limefichwa ndani ya mwili. Wazungu wanamwita sungura wa bahari, na jina lake la kisayansi ni Dolabella auricularia. Kiumbe huyu anaishi pia kwenye maji ya pwani ya Afrika Mashariki, kwenye majani ya baharini maji yakipwa. Ndani yake kulikuwa na kemikali kwa kiasi kidogo mno, hivi kwamba umbo lake lilijulikana mwaka 1987, miaka 15 baadaye. Ikaitwa dolastatini 10. Walipoijaribu peke yake kwa wagonjwa haikufaa, sumu ilizidi faida. Mambo yangeishia hapo. Lakini wanasayansi wakatengeneza ndugu yake, wakamfunga kwenye kingamwili, zile askari za mwili zinazojua kumtambua adui mmoja. Kingamwili inaibeba sumu hadi kwenye seli ya kansa, inaishusha humo. Dawa hiyo, brentuksimabu vedotini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa aina fulani za saratani ya mitoki. Baadaye ikaonekana kwamba yule konokono hakuwa mtengenezaji. Aliipata kwenye chakula chake, kutoka kwa vijidudu vinavyofanana na mwani.

Na mfano wa nchi kavu, jirani kabisa. Kule Kwale, Kenya, pwani ya Wadigo, kuna msitu wa Shimba Hills. Miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji mti unaoitwa Maytenus buchananii, kwa sababu mwaka 1972 ilitangazwa kwamba miti ya jamii hiyo ina kemikali kali inayoitwa maitansini. Tani kwa tani za mti huo zilikatwa Shimba Hills zikasafirishwa. Hadithi ikawa ileile: peke yake ilikuwa na sumu mno, ikawekwa kabatini. Ikarudi baada ya miaka 40 hivi, nduguye akiwa amefungwa kwenye kingamwili, dawa inaitwa trastuzumabu emtansini, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2013 kwa aina moja ya saratani ya matiti. Leo malighafi yake haitoki tena kwenye mti. Inatoka kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi ya kiwanda. Shimba Hills hawahitajiki tena.

Shikeni sentensi hiyo ya mwisho. Nitaijenga hotuba yote juu yake.

Mzigo usioonekana kwenye skana

Sisi wa Tunduma tunajua mpaka kuliko mtu yeyote nchi hii. Tunajua lori la shaba likikaa siku tatu kwenye foleni. Tunajua TRA, tunajua skana, tunajua Kituo cha Pamoja cha Forodha kilichofunguliwa mwaka 2019. Mama akivuka na madebe mawili ya mahindi kutoka Nakonde anakimbizwa na mgambo kama jambazi. Mawazo yetu kuhusu utajiri wa nchi ni ya lori: mzigo unatoka, unapimwa, unalipiwa.

Mwaka 2017 nchi nzima ilisimama kwa ajili ya makontena ya makinikia bandarini. Bunge likapitisha sheria za kulinda utajiri na maliasili za nchi. Sawa. Tulibishana namna ilivyofanyika, lakini hoja ya msingi kwamba mali ni ya Watanzania hatukuipinga. Na hapa kwetu hoja hiyo ni hai. Kuna madini adimu Ngualla, wilaya ya Songwe. Kuna gesi ya heliamu inatafutwa bonde la Rukwa. Kuna kahawa ya Mbozi, mkulima anauza kwa kilo, kikombe kinauzwa Ulaya. Kila mwaka tunauliza, kwa nini tunauza ghafi?

Lakini mwenye kahawa ana nafuu moja. Mwakani mnunuzi atarudi, kwa sababu kikombe cha mwakani kinahitaji kahawa ya mwakani. Mwenye dhahabu naye hivyohivyo, mpaka shimo liishe. Mwenye sifongo hana nafuu hiyo. Kemikali ya kiumbe ikishajulikana umbo lake, mnunuzi harudi tena. Anaijenga maabara, au anafuga bakteria. Kilichotoka nchini ni mfuko mmoja wenye nusu kilo ya kitu kama tope, kwenye begi la mgongoni. Mzigo wenyewe ni taarifa. Hakuna skana ya Tunduma wala ya bandari ya Dar es Salaam inayoiona taarifa.

Maana yake ni kwamba mahali pekee pa kuikamata haki yetu ni kabla mpiga mbizi hajaingia majini. Ni kwenye kibali cha utafiti na kwenye mkataba. Nani anaruhusiwa kuchukua nini, nani wa kwetu atakuwa ndani ya ile maabara, na ikija kuwa dawa miaka 30 baadaye, wananchi wa hapa wanapata nini: fedha, dawa kwa bei nafuu, au vyote.

Dunia inayo kanuni ya jambo hili. Inaitwa Itifaki ya Nagoya, ilipitishwa mwaka 2010, ikaanza kutumika Oktoba 2014, na Tanzania ilijiunga mwaka 2018. Inasema rasilimali ya viumbe ni ya nchi husika, hakuna kuchukua bila ridhaa, na faida igawanywe. Hapa nyumbani watafiti wa nje huombea kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Tuna pwani ya zaidi ya kilomita 1,400. Tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Zanzibar. Tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Vyombo vipo. Swali la kisiasa ni hili: vina fedha? Na mikataba yake mwananchi anaisoma wapi?

Viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mwaka 2001 wakakaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mtu akija kwenu kuomba kura, msimuulize kama anaipenda sayansi, kila mtu anaipenda. Mwulizeni asilimia ngapi, na mwaka gani.

Na kuna wizi mwingine ambao hauhitaji mgeni. Ni baruti. Kwa miaka mingi matumbawe yetu yamelipuliwa na wavuvi wa mabomu, kilo chache za samaki kwa mwamba uliochukua karne kukua. Mafia ilitangazwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini mwaka 1995, na hiyo ni hatua njema. Lakini mvuvi maskini akiwa hana nyavu halali wala mkopo, tangazo halitamzuia. Kinacholipuka pale ni viumbe ambao hakuna mtu amewahi kuwasoma.

Sasa turudi kwa mgonjwa

Nimesema napokea watu wawili. Bado mwenye pakiti ya unga.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa na uvimbe titini. Hauumi, ndiyo maana hakuogopa. Akauziwa unga, kila wiki pakiti. Muuzaji alikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka intaneti, ina picha ya sifongo, ina neno "utafiti". Na sehemu ya ile karatasi ilikuwa kweli! Ilikuwa inazungumzia dawa ileile niliyowaeleza, ya Wajapani. Uongo ulikuwa kwenye daraja tu: kwamba kwa kuwa dawa ilitoka kwa sifongo, basi sifongo aliyesagwa ni dawa.

Alipokwenda hospitali, miezi ilikuwa imepita. Wakachukua kinyama kupeleka kupimwa. Majibu yakachukua wiki, na wiki nyingine, mara mashine, mara mtaalamu hayupo, mara nenda rudi. Nilikuwa natembea naye. Unga ulimla miezi, foleni ya majibu ikamla miezi mingine. Uvimbe haujui nani kauchelewesha.

Nawaambia haya kwa sababu ni rahisi kumcheka anayekunywa unga. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni ya magari Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa kikombe cha Babu. Walikwenda wakulima, walikwenda na vigogo. Watu hawakwenda kwa ujinga. Walikwenda kwa sababu kikombe kilikuwa shilingi 500 na hospitali ilikuwa mbali, ghali na kimya. Ukitaka kumshinda muuza unga, kumkamata peke yake hakutoshi. Mpe mgonjwa kipimo cha karibu, majibu ya haraka na mtu wa kumweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Sasa angalieni, makamanda. Muuza unga anatuambia thamani iko kwenye kitu ghafi. Na serikali inayoruhusu sampuli kutoka bila mtafiti wetu kuwa ndani, nayo inatuambia thamani iko kwenye kitu ghafi. Wote wamekosea palepale. Thamani iko kwenye maarifa: ya kujua kemikali gani, kiasi gani, kwa ugonjwa gani, kwa mwili upi. Nchi isiyojenga maarifa hayo itauza sifongo kwa bei ya tope, itanunua dawa kwa bei ya dhahabu, na katikati wananchi wake watakunywa unga.

Tufanye nini

Sitaki mtoke hapa na hasira bila kazi. Nina mambo ya nyumbani na mambo ya kudai.

Nyumbani kwanza. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, ikifuatiwa na ya matiti. Ile ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, na chanjo ipo, bure. Tanzania iliianza nchi nzima Aprili 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dada yako, binti wa shangazi yako, amechanjwa? Uliza leo. Ukisikia mtu anasema chanjo inaharibu kizazi, usinyamaze. Chanjo inakilinda.

Kwa mama na dada wakubwa kuna kipimo cha siki. Ndiyo, siki hiihii ya jikoni, ila imeandaliwa kwa kipimo cha hospitali. Mhudumu anapaka kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyoanza kubadilika inageuka nyeupe, inatibiwa kabla haijawa kansa. Hakuna maabara ya Harvard hapo. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii, kwa hiyo mji wa mpakani kama wetu, wenye barabara kuu na madereva wa kutoka kila nchi, hauna kisingizio cha kulala. Na dalili msizifumbie macho: uvimbe titini hata usiouma, damu isiyo ya kawaida ukeni, kidonda kisichopona, chakula kukwama kooni. Mwanaume nawe, mkojo ukianza kukusumbua nenda upime, acha aibu.

Kwa wanaouguza: dawa za hospitali nyingi nazo zina asili ya viumbe. Vinkristini, ambayo watoto wengi wenye saratani wanachomwa, ilitoka kwenye lile ua la pinki la Madagaska ambalo mama zetu wanalipanda barazani. Lakini usichemshe ua. Majani yale yana sumu, na dawa ndani yake ni chembe. Tiba ya asili siitukani, bibi zetu wametuvusha nayo. Ninachoomba ni kimoja, mwambie daktari unachokunywa, na usiache kipimo kwa ajili ya unga.

Sasa ya kudai, na haya yawe ajenda ya vijana wa mkoa huu.

Moja. Mgonjwa wa Songwe asilazimike kusafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Ocean Road kwa jambo linaloweza kumalizwa karibu. Hospitali ile ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897 ikitazama bahari, na taasisi yake ya saratani ikaundwa kwa sheria mwaka 1996. Inafanya kazi kubwa. Lakini uchunguzi, usomaji wa vinyama na dawa za kawaida za saratani vinapaswa kusogea kanda zote, na majibu yawe na muda wa mwisho unaojulikana.

Mbili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023. Tuulize kila kikao cha kata: kitita cha mwananchi wa kawaida kinagharamia saratani kiasi gani? Dawa iliyotoka Bahari ya Hindi ikarudi kwa bei ambayo Mtanzania haigusi, hiyo ni dhuluma hata kama hakuna aliyevunja sheria.

Tatu. Mikataba ya kuchukua sampuli za viumbe, baharini na misituni, iwekwe wazi kama tunavyodai mikataba ya madini iwekwe wazi. Na kila sampuli inayotoka itoke na mwanafunzi wetu. Asibebe mizigo, ajifunze mashine, na jina lake liwe kwenye ugunduzi.

Nne, na hii ni yenu. Shule zetu za kata zina maabara ngapi zenye kemikali? Kuna binti Momba leo anafundishwa titresheni kwa kuchorewa ubaoni. Huyo ndiye angekuwa mkemia wa kusoma sifongo wa Mafia. Diwani wenu anajua? Kama hajui, mwelezeni. Kama anajua na amenyamaza, mnajua la kufanya, kalamu ya kura bado ni yenu na mlinde inavyohesabiwa.

Kaka aliyeniuliza mlangoni, Tunduma na bahari wapi na wapi, jibu langu ni kwamba kansa haijali uko kilomita ngapi kutoka ufukweni, na bahari ya Tanzania haina wenyewe wa Dar na Zanzibar peke yao. Ni ya Mnyiha wa Mbozi na Mnyamwanga wa Momba kama ilivyo ya Mmakunduchi. Aliye mbali na mali yake ndiye anayepaswa kuiulizia zaidi, maana karibu nayo hayupo wa kumsemea.

Jumamosi ijayo vijana wa kila kata walete orodha mbili: wasichana wa mtaa ambao hawajachanjwa, na shule ambazo maabara yake ni chumba kitupu. Ya kwanza tunaipeleka kituo cha afya. Ya pili tunaipeleka kwenye baraza la madiwani, na tunakaa hapohapo mpaka ijibiwe.